Mvua Ndani ya Utepe

Kitandililo, Januari 4, 1956

Mganga wa misheni amenisikiliza kifua, akasema moyo umechoka na nisipande mlima tena. Nikamwuliza kama kutoka kitandani hadi mlangoni kunahesabiwa mlima. Hakucheka. Basi nimerudia tabia niliyoiacha nilipostaafu ukalimani wa mahakama, ya kuiandika siku kabla haijapoa. Mahindi yaliyo nje ya dirisha yamefika magotini. Sitarajii kuyala, lakini nitayatazama yakipanda.

Tabea, binti yangu, amehamishia kitanda changu sebuleni ili wageni wasilazimike kupita chumbani. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Wanakuja na viazi au mbeta, chombo cha mwanzi, ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, wanasalimu, wanakaa, kisha wanazungumza wao kwa wao juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni meza. Mbele ya mgonjwa watu hawafichi neno. Kumfanyia siri mtu anayekaribia kuondoka huhesabiwa ni kumsukuma.

Januari 9

Mvua tangu alfajiri. Bati linanguruma. Tabea ananisemesha kwa kupaza sauti, kana kwamba mimi ni kiziwi.

Januari 14

Amekuja kijana anaitwa Efraimu, amevaa koti la mvua na viatu visivyo na tope, jambo lisilowezekana mwezi huu isipokuwa kwa aliyeshushwa na gari mlangoni. Anasema anakusanya maneno ya wazee kabla hayajapotea. Ana mashine ya kunasa sauti: sanduku lenye magurudumu mawili, na utepe mwembamba wa rangi ya kahawia unaotoka katika moja na kujizungusha katika jingine. Aliniomba niseme chochote. Nikataja majina ya babu zangu. Akageuza kitu, nikajisikia nikiwataja. Ilikuwa sauti ya mzee fulani. Sikumjua.

"Haya, Mzee wangu, yatasikilizwa na watu ambao hawajazaliwa," akasema.

Nimemkubalia alale chumba cha uani hadi kazi iishe.

Januari 19

Kikopo cha kunasia sauti amekifunga mvunguni mwa kitanda changu. Waya unapita kwenye tundu la ukuta hadi chumbani kwake, iliko mashine. Nilimwuliza kwa nini kikopo kisikae mezani. Akasema mezani kinawatia watu haya. Kijana ana adabu. Hunisikiliza vita vya zamani bila kupiga miayo, na anajua lini aulize swali.

Tabea alipotandika shuka, waya haukuonekana tena.

"Kinakaa hapo hata usipokuwa ukisimulia, Baba?"

"Kinazimwa," nikamwambia.

Sikujua kama kinazimwa.

Januari 28

Leo nyumba ilijaa. Amekuja Odilo Mhagama, jirani yetu, na mkewe Paskalina, na Agustino, katekista wa Kikatoliki wa ng'ambo ya mto. Habari ni moja tu wiki hii: amri kwamba mtu asilime vinyungu mwaka huu. Bustani zile za bondeni, tunazozilima mvua zikiisha na udongo ukiwa bado umeshika maji, ndizo zinazotulisha kiangazi kizima. Bwana shamba anasema tunaharibu chemchemi. Babu zetu walizilima na chemchemi bado zipo, lakini hilo halijaandikwa popote, kwa hiyo si hoja.

Odilo akasimama katikati ya chumba, akavuta suruali hadi kifuani, akaanza kumwigiza bwana shamba kwa Kiswahili chake: "Hapa hapana lima. Hapa mimi pima, wewe tazama."

"Keti," Paskalina akamwambia. "Huna hata tumbo la kumwigiza mzungu."

Hakuketi. "Anapima bonde kama seremala anayepima maiti. Jeneza likiwa tayari, atatuita tuingie."

Hata Agustino alicheka, yeye anayechekea ndani ya kofia. Mimi nilicheka hadi Tabea akaniletea maji.

Baadaye, kwa Kibena, lugha yetu, na kwa sauti ya chini, Odilo akaeleza kilichomleta. Vijiji vitatu vimeahidiana kwamba mvua zikikatika watashuka bondeni wote siku moja na majembe yao, wanawake na wazee pia, wakamatwe wote au asikamatwe mtu.

Februari 3

Kwenye baraza la jana bwana shamba alimsimamisha Odilo mbele ya watu, akamwuliza, "Jeneza langu limefikia wapi?"

Odilo amenisimulia akijaribu kucheka.

Tulikuwa watano katika chumba hiki. Odilo hakujisemea mwenyewe, na Paskalina ni mkewe. Wanabaki Agustino na Tabea. Efraimu simhesabu, alikuwa chumbani kwake, tena Kibena hakijui.

Februari 6

Tabea amerudi kutoka Makambako jua likiwa limeshazama. Nikamwuliza alikopita.

"Sokoni, Baba." Akanisogezea kikapu kitandani. "Unataka kunisachi?"

Nilitazama ndani ya kikapu. Ninaona aibu kuandika kwamba nilitazama.

Februari 12

Odilo alikuja peke yake. Nilimshika mkono nikamwambia ajihadhari na Agustino. Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na kofia tu, ile anayojifunikia uso akicheka.

Februari 21

Agustino aliweka mbeta yake ya ulanzi katikati kama desturi. Hakuna aliyeigusa. Odilo akasema tumbo linamsumbua. Paskalina akasema amefunga. Agustino akanywa peke yake, polepole, akaifuta mbeta, akaaga. Mlangoni akageuka akanitazama mimi, si wao.

Februari 25

Ukungu. Mahindi yametoa mbelewele.

Machi 2

Nimepigwa na wazo ambalo mkalimani alipaswa kulipata siku ya kwanza. Yote yaliyofika kwa wakubwa yalisemwa kwa Kiswahili. Jeneza lilisemwa kwa Kiswahili, kwa sababu Odilo alikuwa akimwigiza mzungu. Ahadi ya vijiji vitatu ilisemwa kwa Kibena, na hadi leo haijulikani. Basi anayepeleka habari amesikia yote na ameelewa nusu. Agustino ni Mbena. Tabea ni Mbena.

Jioni wageni walipokaa nikawaomba tusali kimya. Wote wakainama. Katika ukimya ule, nyuma ya ukuta, nikasikia magurudumu yakizunguka.

Nilisema amina. Naandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye: nilisema amina, nikanyamaza, na wageni wakaendelea kuzungumza.

Machi 7

Leo limekuja gari. Akashuka mzungu mmoja mrefu, amevaa kiraia. Efraimu alimwita Bwana Inspekta, akapiga mguu chini, nikajua kijana wangu wa hadithi ni askari. Bwana hakusema anatoka ofisi gani, wala sikuuliza. Waliingiza mashine sebuleni na kumtuma Tabea kisimani.

Bwana anajua Kiswahili kizuri. Alinieleza kwa upole kwamba mikutano bila kibali imekatazwa, na kwamba kisheria mwenye nyumba ndiye mwenye mkutano. Mimi ni mgonjwa, hakuna atakayenipeleka gerezani.

"Lakini nyumba inaendeshwa na binti yako," akasema. "Au sivyo?"

Anachotaka ni tafsiri. Tepu zina Kibena, na katika ofisi yake hakuna anayekijua vizuri. Nilitakiwa nisikilize, niseme kila sentensi kwa Kiswahili, na Efraimu aandike, akitia alama penye utepe sentensi inapoanza na inapoishia. Mwisho nitie sahihi.

Nilisikiliza. Nilimsikia Paskalina akinung'unikia chumvi. Nilisikia kikohozi changu, kikavu, kikikatiza maneno ya watu. Nilimsikia Odilo akizungumza kwa furaha, kama mtu anavyozungumza katika nyumba ambayo hakuna atakayemdhuru. Siku moja, mvua ikipiga bati kwa nguvu, alisema: "Tutachoma nyasi za bondeni kwanza, kama kila mwaka." Siku nyingine, kukiwa kimya, alisema: "Nyumba ya bwana shamba iko njiani, atatuona tukishuka." Nilitafsiri vyote hivyo sawasawa. Sikuongeza neno wala kupunguza. Ahadi ya vijiji vitatu nayo nikaitafsiri.

Nimetia sahihi. Nimetaka kuandika kwamba nilifanya hivyo kwa ajili ya Tabea. Nusu ni kweli. Nusu ya pili ni kwamba tangu nistaafu hakuna mtu aliyenihitaji kwa kile ninachokijua, na leo nilipokuwa nikitafuta neno la Kiswahili lililo sawasawa na neno la Odilo, na kulipata, nilifurahi. Mtu anaweza kufurahia kazi yake akiwa anamfunga jirani yake. Sikulijua hili nilipokuwa na afya.

Efraimu amefunga sanduku lake. Kikopo wamekiacha mvunguni.

"Pole na kazi, Mzee wangu," akaniambia. Nadhani aliimaanisha.

Machi 15

Mvua.

Machi 16

Mvua. Odilo alileta viazi. Nilijifanya nimelala. Alikaa karibu nami muda mrefu, akinipungia nzi.

Aprili 10

Odilo amekamatwa. Wamemkuta akinoa majembe ya watu. Si kwa ajili ya vinyungu, wanasema. Wanasema alipanga kuchoma moto nyumba ya bwana shamba na watu wakiwa ndani. Wanayo sauti yake mwenyewe. Akipatikana na hatia atafungwa miaka mingi, kisha apelekwe mkoa mwingine, asirudi.

Kuchoma. Nyumba ya bwana shamba. Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Yote mawili nayafahamu. Niliyatafsiri mimi, ila hayakuwa pamoja.

Aprili 11

Paskalina amekuja asubuhi. Hakusalimu kwanza, jambo ambalo sijaliona kwake maisha yangu yote.

"Mwalimu," akaniita, kama wanavyoniita kijijini kwa sababu ya ukalimani, "wewe unaijua mahakama. Mtu anasikika akisema jambo asilolisema. Inawezekanaje?"

Nikamwambia sijui.

"Odilo anasema ni Agustino. Anasema wewe ndiye uliyemwonya." Akapiga magoti kando ya kitanda na kunishika miguu. "Mungu akupe siku, Mwalimu. Wewe tu ndiye uliyetuambia ukweli."

Mbele ya magoti yake, kiasi cha shubiri moja, mvunguni, kilikuwa kile kikopo.

Alipokwenda nilimwita Tabea nikamwambia yote, tangu koti la mvua hadi sahihi. Alisikiliza akiwa amesimama na ufagio mkononi. Nilingoja alie, au anitukane. Alilala chali sakafuni, akajisukuma mvunguni, nikamsikia akikata waya kwa kisu cha jikoni. Alipotoka nywele zake zilikuwa na vumbi.

"Na Agustino je?" akasema.

Niligeukia ukuta.

"Siku ile ya kikapu," akasema, "nilichelewa kwa sababu nilikuwa nakutafutia dawa ya kifua. Hukuiona? Ilikuwa chini ya vitunguu."

Aprili 19

Efraimu amekuja kuchukua kikopo chake. Aliutazama waya uliokatwa, asiulize. Ameniachia wito: kesi itasikilizwa Njombe, nami nitahitajika kuthibitisha sahihi yangu. Wataleta gari.

"Ni neno moja tu, Mzee wangu. Useme ndiyo, urudi upumzike."

Tabea akamwambia gari lao alipande yeye. Sisi tutakwenda kwa lori la mbao la Makambako.

Mei 2

Mvua zimeanza kuchoka. Manyunyu tu asubuhi. Mganga amesema nikienda Njombe nitafia njiani. Nimemwambia kwamba hata nisipokwenda kuna njia.

Mei 17, Njombe

Naandika nyumbani kwa binamu yake Tabea, nimefunikwa mablanketi. Baridi ya hapa ina meno. Lakini lazima niliandike hili leo.

Walinibeba kwenye kiti hadi ndani ya mahakama. Odilo alikuwa kizimbani, amekonda, amenyolewa. Aliponiona akatabasamu. Alidhani nimekuja kumtetea, kwa hiyo nikainama nikatazama miguu yangu. Paskalina alikaa nyuma. Agustino alikuwapo pia, peke yake kwenye benchi zima, kwa maana hakuna mtu wa kwetu aliyekubali kukaa karibu naye.

Waliweka mashine mezani kwa hakimu, mzungu mzee mwenye mafua. Bwana Inspekta akaeleza inavyofanya kazi. Kisha sauti ya Odilo ikajaa chumba, kwa Kibena: "Tutachoma," halafu, "nyumba ya bwana shamba."

Watu waliguna. Odilo mwenyewe alishika mbao za kizimba, akageuka nyuma kana kwamba aliyesema amesimama mgongoni mwake.

Wakanionyesha karatasi. Hakimu akauliza kama sahihi ni yangu.

"Sahihi ni yangu," nikasema. "Maneno ni yake. Mazungumzo si yake."

Bwana Inspekta akasimama, akasema shahidi ni mgonjwa. Hakimu akapenga kamasi, akaniambia niendelee.

Njiani kote kutoka Makambako nilikuwa nimepanga hotuba. Yote ilinitoka. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja, na nilikuwa sijakifikiria kabla ya dakika ile nilipokisikia chumbani mle.

"Naomba ipigwe tena," nikasema. "Safari hii msimsikilize mtu. Lisikilizeni bati."

Ikapigwa tena. *Tutachoma*, na nyuma yake mvua ya masika ikinguruma kama mawe yanayomwagwa. *Nyumba ya bwana shamba*, na nyuma yake hakuna kitu, hata tone, hata kuku. Mvua ilikuwa imekatwa katikati kama kamba.

"Siku ya neno la kwanza ilinyesha," nikasema. "Siku ya neno la pili hakukuwa na mvua. Mimi najua kwa sababu kikopo kilikuwa chini ya kitanda changu, na mimi nilikuwa juu yake. Alisema watachoma nyasi. Nyasi wamezikata."

Hakimu akataka ipigwe mara ya tatu. Alifunga macho. Tarishi mzee wa mahakama, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema bila kuulizwa, "Mvua ya Njombe hainyamazi ili mtu ataje nyumba." Watu wakacheka, na hakimu hakuwanyamazisha.

Niliulizwa walijuaje pa kukata, maadamu Kibena hawakijui. Hapo ndipo palikuwa mlima wenyewe. Nikasema mimi niliwaonyesha. Nilieleza tafsiri, alama za Efraimu, gari, sahihi. Nilieleza kwamba nilisikia magurudumu yakizunguka tangu Machi na nikaacha wageni wangu waendelee kuzungumza. Kisha nikamtafuta Agustino kwa macho, nikasema kwa Kibena, ili wote walioacha kunywa kwake waelewe, kwamba yeye hakupeleka neno lolote popote, na kwamba aliyemsingizia ni mimi.

Sikumtazama Odilo. Nilisikia tu kizimba kikilia, kama mtu anapoachia mbao alizozishika.

Hakimu akaagiza utepe wa awali uletwe, ule ambao haujakatwa. Efraimu akajibu kwamba umefutwa.

"Na hadithi zangu?" nikamwuliza, ingawa si haki ya shahidi kuuliza.

Akafunika mashine. "Utepe ni ule ule, Mzee wangu. Kila ulipomaliza tulifuta, tukatumia tena."

Basi wale ambao hawajazaliwa hawatanisikia.

Mei 24, Kitandililo

Odilo ameachiwa. Hakimu ameukataa utepe. Bwana Inspekta amehamishwa, au amerudi alikotoka; hakuna ajuaye. Mimi sijashtakiwa. Tabea anasema wananiachia Mungu, kazi iwe nyepesi.

Mei 30

Hakuna aliyekuja.

Juni 3

Hakuna aliyekuja. Viti sita vimepangwa ukutani. Tabea anavipangusa kila asubuhi.

Juni 8

Agustino amepita barabarani na mbeta begani, vijana wawili wakimfuata wakicheka. Sasa wanakunywa kwake. Hakugeuza uso upande huu. Ni haki yake.

Juni 11

Nimesikia kikohozi nje nikadhani mgeni. Ni mbuzi.

Mahindi yamekauka kwenye mabua. Tabea ameanza kuvuna peke yake. Mwaka jana walikuja watu, kazi ikaisha kwa siku moja. Nimempa adhabu ambayo ni yangu. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Lala, Baba," akanifunika.

Juni 16

Mvua zimekwisha kabisa. Kutoka dirishani naona moshi bondeni, mwembamba, halafu mwingine, halafu mingi. Wanachoma nyasi. Amri haijafutwa, lakini vijiji vitatu vimeshuka, na Tabea anasema bwana shamba amesimama barazani kwake anatazama tu. Nilitaka kumwuliza mtu ni nani aliyetangulia na jembe. Hakukuwa na wa kumwuliza.

Pumzi ni fupi leo. Kalamu ni nzito kuliko nilivyoikumbuka.

Juni 18

Odilo amekuja.

Alisimama mlangoni na matope ya bondeni hadi magotini. Akavuka chumba, akainama kando ya kitanda, akainua shuka, akatazama mvunguni. Alitazama muda mrefu. Akapapasa ukuta, akaliona tundu. Tabea alikuwa ameliziba kwa udongo. Odilo akalibonyeza kwa kidole gumba kuona kama limekauka.

Kisha akavuta kiti, akaketi.

"Kamwene, Mwalimu," akanisalimu Kibena.

"Kamwene."

Amekaa hadi jua likashuka, akanipungia nzi, akaondoka.